Reale, dola, mone: majina ya fedha na wanawake waliomo ndani yake

Mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia katika nyumba za Kavimvira, tulikwenda kumsaidia mama mukubwa kuhamisha vitu vyake. Chini kabisa ya sanduku la vitenge tulikuta kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo sarafu kubwa ya fedha iliyokuwa nyeusi, yenye kitanzi kilichochomelewa juu ili ipite kwenye uzi. Ilivaliwa na mama yake, na kabla ya mama yake na nyanya yake, aliyetoka Ujiji. Upande mmoja ina kichwa cha mwanamke mnene aliyejitanda shela. Nyumbani kwao imeitwa "Mariya" tangu zamani, kwa kuwa kila mtu aliamini ni medali ya Bikira Maria.

Binamu yangu alitaka iuzwe. Alikuwa amebakiza sehemu ya minervali na mitihani ilikaribia. Akaipeleka kwa wakambiste wawili karibu na mpaka. Mmoja alisoma mwaka ulioandikwa, 1780, akasema ni mali ya makumbusho. Mwingine alicheka, akasema ni ya bandia, kwani alishaona nyingine mpya inayong'aa, na mwaka ni uleule 1780. Ndipo mama mukubwa aliponigeukia: "Weye njo unasomaka luga. Soma basi hii."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Nimeiandikia makala haya kwa sababu kila neno nililolifuata lilinirudisha kwenye maneno tunayoyasema kila siku hapa mpakani, na kwa sababu wakambiste wote wawili walikosea.

Tuanze na maandishi yenyewe. Upande wa uso umeandikwa kwa Kilatini, kwa vifupisho: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Ukivifungua unapata: Maria Theresia, kwa neema ya Mungu Kaizari wa kike wa Warumi, Malkia wa Hungaria na Bohemia. Upande wa mgongo kuna tai mwenye vichwa viwili na ngao kifuani, na maandishi yanaendelea kutaja vyeo vyake vya Austria, Burgundia na Tirol, kisha 1780, kisha msalaba mdogo wa mshazari kama herufi X. Chini ya kichwa cha mwanamke zimo herufi S.F., ambazo ni majina ya maofisa wawili wa kiwanda cha kupiga sarafu cha Günzburg, kusini mwa Ujerumani ya leo.

Mwanamke huyu basi ni Maria Theresia wa Austria. Alirithi nchi za baba yake mwaka 1740, akatawala miaka arobaini, akafa Novemba 1780. Cheo cha "Warumi" kilimjia kupitia mume wake Franz, aliyechaguliwa mwaka 1745 kuwa kaizari wa dola lililojiita la Kirumi ingawa makao yake hayakuwa Roma. Mume alifariki mwaka 1765, na tangu hapo mke alivaa vazi la mjane hadi mwisho. Ile shela iliyowafanya watu wa nyumba ya mama mukubwa waone Bikira Maria ni shela ya eda, kama tungesema kwa desturi ya jirani zetu Waislamu.

Sasa mwaka 1780. Sarafu ya fedha ya Maria Theresia ilikuwa imependwa mno na wafanyabiashara wa Mashariki ya Kati na Bahari ya Shamu. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo 833 ni fedha tupu. Malkia alipokufa, watu waliokuwa wakiitumia hawakutaka uso mwingine. Wakipewa sarafu ya mrithi wake waliitilia shaka au waliikataa. Serikali ya Austria ikafanya jambo la busara ya kibiashara: ikaendelea kupiga sarafu ileile, uso uleule, mwaka uleule 1780, na uzito haukuguswa. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ambako sarafu hii ndiyo iliyokuwa pesa ya sokoni, ilipata kutoka Austria haki ya kuipiga. Waingereza na Wafaransa, waliokuwa na biashara zao katika eneo hilohilo, wakaanza kuipiga wenyewe London na Paris. Wakati wa Vita vya Pili ilipigwa hata Bombay. Brussels nao waliipiga, kuanzia 1937 hadi miaka ya 1950. Vienna bado wanaipiga hadi leo, kwa wanaopenda kuihifadhi. Zote zinasema 1780.

Kwa hiyo kambiste wa kwanza alikosea kuamini tarehe, na wa pili alikosea kuona bandia pale palipo na pacha. Nilipoitazama sana ile ya kwetu, nilijikuta nikiwaza zaidi juu ya Brussels. Cheo cha Burgundia kinachotajwa mgongoni kinatokana na urithi ulioipa nyumba ya Austria nchi ambazo leo ni sehemu kubwa ya Ubelgiji. Yaani huyu mwanamke alikuwa mtawala wa Brussels, na zaidi ya miaka 150 baada ya kufa kwake Brussels ilikuwa ikichapa uso wake kwa ajili ya masoko ya mbali, wakati ambapo sisi Uvira tulitawaliwa kutoka mji huohuo. Lakini nyanya aliyetoka Ujiji alikuwa ameshaivaa kabla ya 1937, kwa hiyo ile yetu haikutoka huko.

Malkia aliyekufa na kuendelea kupigwa kwenye sarafu si jambo geni. Warumi wenyewe walifanya hivyo. Faustina, mke wa kaizari Antoninus Pius, alifariki yapata mwaka 140. Mumewe aliishi hadi 161, na katika muda huo zilitolewa dinari za fedha nyingi ajabu zenye kichwa chake na maandishi DIVA FAVSTINA, Faustina aliyefanywa mungu. (Neno hilo *diva* ndilo watangazaji wetu wa redio wanalowaitia waimbaji wa kike. Faustina alilipata kwa kufa, wao wanalipata kwa albamu moja.) Mgongoni mwa dinari zake walikaa miungu ya kike: Ceres wa mavuno, Vesta wa moto wa nyumbani, Juno mke wa Jupiter.

Huu ulikuwa utaratibu wa kawaida. Mke au mama wa kaizari alikaa upande wa uso, na mungu wa kike, au sifa njema iliyopewa umbo la mwanamke, akakaa mgongoni. Julia Domna, mzaliwa wa Emesa, mji unaoitwa leo Homs, aliyeolewa na Septimius Severus wa Leptis Magna katika Libya ya leo, ana dinari zenye Venus, zenye Juno, zenye Vesta, zenye Pietas. Mtu aliyezipokea sokoni hakuhitaji kusoma sana. Mke wa kaizari ana mavuno nyuma yake, basi ndiye anayeleta mavuno. Kwa maneno ya darasani, mgongo wa sarafu ulikuwa kiarifu cha uso. Uso ulisema nani, mgongo ukasema yukoje.

Hata dinari mashuhuri kuliko zote katika makanisa yetu inaweza kuwa na mwanamke. Wasomaji wa Injili wanakumbuka kisa cha kodi ya Kaisari, pale Yesu anapoomba aonyeshwe sarafu na kuuliza sura na anwani ni za nani. Biblia ya Kiswahili imeiacha kwa jina lake, dinari. Wataalamu wengi huidhani kuwa ile ya Tiberius. Upande wa uso ni yeye mwenyewe. Upande wa mgongo ameketi mwanamke mwenye fimbo ya enzi na tawi mkononi, na wengi humwona kuwa Livia, mama yake Tiberius, katika umbo la Pax, mungu wa amani. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kisa hicho, na sijawahi kusikia mhubiri akiigeuza sarafu.

Turudi kwenye kitambaa cha mama mukubwa. Maria Theresia alikuwa Mkristo Mkatoliki, hakuweza kuweka Ceres au Juno mgongoni. Mahali pao pamekaa tai na ngao. Lakini nilipoishika sarafu kwa vidole viwili na kuizungusha mbele ya dirisha, niliona kuwa ukingoni nako kuna maandishi: IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Hiyo ilikuwa kaulimbiu ya malkia. Lakini huko Roma, Iustitia na Clementia walikuwa miungu ya kike. Iustitia ana sarafu yake iliyopigwa mwaka 22 au 23 wakati wa Tiberius, ikiwa na kichwa cha mwanamke na jina lake chini, na wapo wanaoona hapo tena uso wa Livia. Walikuwa na sura, nguo na mahekalu. Kufikia 1780 wamepoteza vyote hivyo, wamebaki maneno mawili ya kawaida yanayozunguka ukingo.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili ni letu sisi wanafunzi wa lugha kuliko la wanahistoria. Jina la pekee linageuka jina la kawaida, na mtu aliyekuwemo ndani anasahaulika.

Mfano wa kwanza tunautumia kila tunapopanda teksi ya pikipiki. "Sina mone." Mone ni *monnaie* ya Kifaransa, na *monnaie* ni *moneta* ya Kilatini. Moneta lilikuwa jina la mungu wa kike, Juno Moneta, aliyekuwa na hekalu juu ya kilima cha Capitolium mjini Roma. Karibu na hekalu lake ndipo sarafu zilipopigwa, na jina lake likahamia kwanza kwenye kiwanda, kisha kwenye kilichotoka kiwandani. Dereva anayekataa noti yako kubwa kwa kuwa hana mone anamtaja Juno bila kukusudia.

Mfano wa pili ulinichekesha zaidi, kwa sababu ndio uliotuleta hapa. Binamu yangu alitaka kuiuza "Mariya" ili alipe minervali. Neno hilo tulilipata kwa Wabelgiji, nao walilitoa katika Kilatini *minerval*, malipo aliyopewa mwalimu, kutokana na jina la Minerva, mungu wa kike wa elimu na ufundi. Kwa hiyo shauri lililokuwa mbele ya familia lilikuwa kumtoa Mariya kwa ajili ya Minerva.

Mfano wa tatu ni dola. Mwanzoni mwa karne ya 16 fedha nyingi ilichimbwa katika bonde moja la Bohemia, Joachimsthal, maana yake bonde la Yoakimu. Leo mji huo unaitwa Jáchymov, nchini Ucheki. Sarafu kubwa zilizopigwa huko ziliitwa *Joachimsthaler*, zikafupishwa kuwa *Thaler*. Waholanzi wakasema *daler*, Waingereza *dollar*, sisi dola. Sarafu ya Maria Theresia ni *Thaler*, na yeye mwenyewe, kama vifupisho vya HU. BO. REG. vinavyosema, alikuwa malkia wa hiyo Bohemia. Kambiste wa mpakani anayeshika kwa mkono mmoja noti ya Marekani na kwa mwingine reale ya mama mukubwa ameshika neno moja mara mbili. (Wanaofundisha Kiswahili sanifu wataniambia kuwa dola ni pia serikali. Ni kweli, lakini hiyo ni ya Kiarabu, na haina undugu na bonde la Yoakimu. Na kwa wenye kupenda habari za madini: mawe ambayo Marie Curie alitolea radiamu yalitoka migodi hiyohiyo ya Jáchymov, kabla ya Shinkolobwe yetu ya Katanga kuipiku katika miaka ya 1920.)

Majina mengine ya fedha hapa mpakani hayana mwanamke ndani yake, lakini yana safari hiyohiyo, nami nitayapita haraka. Franga ni *franc*, ambayo kwa maelezo ya kawaida ilipata jina kutokana na maandishi yaliyokuwa kwenye sarafu ya Ufaransa ya mwaka 1360, Francorum Rex, mfalme wa Wafaranka. Ukivuka Gatumba unakutana na *amahera* ya Kirundi. Ni *Heller* ya Wajerumani, waliyoileta Afrika Mashariki mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja, na *Heller* nayo ilipewa jina la mji wa Hall. Kirundi kiliipa kiambishi ama-, ikaingia katika ngeli ya sita pamoja na *amazi* na *amata*, maji na maziwa, vitu visivyohesabika moja moja. Kiswahili kiliweka pesa na fedha katika ngeli ya tisa na ya kumi, pamoja na ng'ombe na nguo. Sijui kama tunapaswa kuchora hitimisho lolote kutokana na hilo, ila Warundi ninaowajua hucheka nikiwaambia. Na feza yenyewe, ambayo ndiyo neno letu la kila siku, ni Kiarabu *fidda*, madini ya fedha, kama vile *argent* ya Kifaransa ilivyo madini kwanza na pesa baadaye. Mtu wa Uvira anayechanganya feza na *argent* katika sentensi moja anarudia tamathali moja kwa lugha mbili.

Pwani ndiko sarafu ya Maria Theresia ilikopata jina la Kiswahili: reale. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliorodhesha aina zake kama alivyozisikia. Kulikuwa na reale ya Sham, ndiyo Maria Theresia nyeusi. Reale Fransa, ya faranga tano za Ufaransa. Na reale ya mzinga, ya Hispania. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonipendeza. Sarafu ya Hispania ilichorwa nguzo mbili, nguzo za Herkule za mlango wa bahari wa Gibraltar. Watu wa Unguja hawakuwa na haja na Herkule. Walijua kitu kirefu cha mviringo kinachosimama mbele ya ngome, wakaona mizinga. Waarabu nao waliiita ya Maria Theresia "yenye nukta", kwa sababu ya lulu za pambo la begani, au "yenye ndege", kwa sababu ya tai.

Angalia kilichokosekana. Hakuna anayesema "reale ya mwanamke". Kichwa cha mtu kinakamata nusu nzima ya sarafu, na majina yote yamekiruka yakaenda kwenye nukta, ndege na mzinga. Nilijiuliza kama ni aibu, au dini, maana Sultani Barghash alipotoa reale zake mwenyewe mwaka 1882 aliweka maandishi ya Kiarabu tu bila uso wowote. Lakini nadhani jibu ni lile tunalofundishwa katika fonolojia: sifa iliyo katika kila kipashio haibainishi kitu. Sarafu nyingi za Ulaya zilikuwa na kichwa. Hata rupia ya India, ambayo mwishoni mwa karne ya 19 ilianza kuisukuma reale nje ya soko la Zanzibar, ilikuwa na kichwa cha mwanamke mwenye taji, Victoria, aliyeandikwa tangu 1877 kuwa naye ni kaizari wa kike. Makaizari wawili wa kike, mmoja hai na mmoja aliyekwisha kufa karne nzima, walishindana katika duka moja la Mhindi. Kwa mwenye duka uso haukumsaidia kutambua. Lulu za begani zilimsaidia: alizipapasa kwa kidole, na zikiwa zimefutika alikataa au alipunguza bei.

Je, ilifikaje Uvira? Kwa mlango wa soko, haikufika. Katika karne ya 19 huku ziwani watu walinunua na kuuza kwa vitambaa, merikani na kaniki, kwa shanga na nyaya za shaba. Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, ameeleza shanga za sofi, zilizofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Soko likifunguliwa watu wenye mikoba ya sofi waliwabadilishia wanunuzi, na soko likifungwa walizirudisha kwa wauzaji, wakipata faida mara zote mbili. Wakambiste wa Kavimvira wana babu zao wa kazi. Reale ilikuwa juu ya hayo yote, katika daftari. Pembe na bidhaa za pwani zilihesabiwa kwa reale hata pale ambapo hakuna aliyeshika reale mkononi, na chache zilizofika bara kwa chuma zilifika kama mali ya kuvaa au kuficha.

Na kulikuwa na bidhaa nyingine. Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858, na Burton aliuandika mji huu kuwa bohari kubwa ya kaskazini ya ziwa, kwa pembe, nafaka, vyuma, nguo za magome, na watumwa. Watumwa hao wakifika Zanzibar, ushuru wao ulitozwa forodhani kwa reale kwa kila kichwa, hadi soko lilipofungwa mwaka 1873. Neno kichwa hapo lina maana mbili na sikulitafuta. Kichwa kimoja kimechorwa kwenye fedha, kingine kinahesabiwa kwayo, na ukingoni imeandikwa haki na huruma kwa lugha ambayo hakuna aliyekuwepo pale aliyeisoma.

Sikujua kama niliseme hili nyumbani. Nyanya wa mama mukubwa alitoka Ujiji. Habari zake zote katika familia ni sentensi moja: alikuja na mtumbwi. Alikuja kama mke wa mfanyabiashara, au kama mali ya mfanyabiashara, au alinunua uhuru wake, au alizaliwa na aliyenunua. Kila moja ya hayo inaweza kueleza sarafu moja yenye kitanzi. Mtu huru huko Ujiji alivaa fedha, na aliyekuwa mtumwa, alipoweza, alivaa fedha ili aonekane huru. Mwishowe nililisema, kwa kuwa niliombwa kusoma, na msomaji anayeruka mstari si msomaji.

Nilimsomea basi jioni moja, kwenye nyumba aliyopangishiwa juu ya barabara, maji yakiwa bado hayajatoka kwake. Nilianza na vifupisho, nikamwambia si Bikira, ni mjane wa Austria. Hakupenda. Nikamweleza kuhusu dola na bonde la Yoakimu. Akaniuliza Yoakimu yupi. Nikasema mtakatifu. Akanyamaza kidogo, akacheka hadi akafuta macho: katika mapokeo ya Kanisa, Yoakimu ni baba yake Bikira Maria. "Kumbe baba yake Mariya iko ku dola!" Kwa upande wa etimolojia sikuwa na la kumpinga. Sarafu ile kwa jina lake la aina, *Thaler*, kweli ni ya ukoo wa Bikira Maria, na nyumba yake ilikuwa imeshafanya kinyume cha Warumi: imechukua kitu cha kawaida kilichopigwa kwa mamia ya milioni, ikakirudishia jina la pekee.

Nilipofika kwenye habari za forodha na vichwa hakucheka. Aliichukua sarafu, akapitisha kidole kwenye bega la yule mwanamke, mahali ambapo lulu zimefutika kabisa kwa kuvaliwa. Binamu yangu aliuliza basi ina bei gani. Nikamwambia ukweli: kwa fedha iliyomo ni gramu 23 na kidogo, na mkusanyaji wa sarafu angeipunguzia kwa sababu ya kitanzi na ya lulu zilizofutika. Haifiki hata nusu ya minervali iliyobaki.

Mama mukubwa aliuliza jambo moja tu kuhusu malkia. "Huyu mama alizala?"

Kumi na sita, nikamwambia.

"Kumi na sita," akasema, akaifunga tena kwenye kitambaa. Kuhusu minervali, alimwambia binamu yangu aje Jumamosi, watauza mbuzi.